Mashine Ipo, Wembe Hakuna: Biashara ya Mashine Kuukuu za Kunyolea Kurui

Biashara ya nyembe katika Kurui na vijiji jirani vya Kisarawe, ingawa faida yake ni haba, yamhusu takriban kila mtu, madhali wembe uleule unyoao ndevu ndio ukatao kucha, ufumuao mshono wa fundi cherehani na kuchongea penseli za wanafunzi. Walakini tawi lake moja, la mashine kuukuu za shaba iliyopakwa nikeli, linadhoofika, wala si kwa kukosa mashine, bali kwa kukosa nyembe zinazoingia humo.

Mchuuzi mmoja achukuaye bidhaa zake Kariakoo analalamika kwamba wembe wa makali mawili haumsumbui kuupata, ilhali ule wa makali mamoja, wenye mgongo mgumu wa chuma, hakuna tajiri wa jumla anayejishughulisha kuuleta. Mteja ajapo na mashine aliyorithi kwa babu yake, hana la kumuuzia. Akiagiza pakiti chache kutoka ng'ambo, asema, gharama za usafirishaji huzidi thamani ya nyembe zenyewe. Na fauka ya hayo, kodi ya ongezeko la thamani anayotozwa haimrudii, kwa kuwa yeye si msajiliwa.

Ofisa mmoja wa mambo ya biashara hakubaliani naye: kodi hiyo, asema, ni asilimia 18 kwa wembe wa aina yoyote, na nyembe zimejaa madukani. Kiwango hicho ni sahihi. Lakini kodi ambayo mwagizaji mkubwa hurejeshewa na mchuuzi huimeza si mzigo mmoja kwa wote wawili, na wingi wa pakiti za aina moja haumfai mwenye kuhitaji aina nyingine.

Kwa hiyo anunuaye mashine kuukuu, aula atazame kichwa kabla ya kusifu kipini. Ikiwa ni ya makali mawili, ya namna iliyopewa hataza Marekani mwaka 1904, aghalabu ana salama, kwani wembe wa leo, wenye tundu refu katikati, hukaa hata katika mashine za awali zenye vijiti vitatu. Baadhi ya zile za Marekani zina herufi na tarakimu za wakati wa kutengenezwa chini ya kichwa: A1, kwa mfano, ni robo ya kwanza ya 1955. Bali kichwa kikiwa na upande mmoja tu wa kunyolea, asilipe kabla hajauona wembe wake. Kuvunja wembe wa kawaida vipande viwili na kuutia humo ni hatari, kwani unene wake ni kama milimita 0.1 tu, hauna mgongo wa kuushika, hutikisika na kuchana ngozi. Na mashine iwayo yote, wembe usitumiwe na watu wawili.

Hatima ya biashara hii haitabiriki kwa yakini. Yamkini wachuuzi kadhaa wakichanga mitaji na kuagiza shehena moja, gharama itapungua; yamkini pia wateja wenyewe ni wachache mno kuistahili. Mashine za makali mawili zitaendelea kuuzika. Za makali mamoja, maadamu wenye mamlaka wanahesabu pakiti bila kuuliza aina, dalili zake si njema.