Kura ya Tatu: Gharama za Kulinda Kanzidata Bukoba na Muleba

Muuzaji wa vifaa vya TEHAMA akiingia ofisi ya SACCOS pale Bilele, mjini Bukoba, mara nyingi huja na bei ya seva mbili zinazofanana. Ahadi yake ni kwamba moja ikizima, ya pili itapokea kazi bila mteja dirishani kujua. Ahadi hiyo ina pengo. Mawasiliano kati ya seva hizo yakikatika, kila moja hubaki haijui kama mwenzake amekufa au ni waya tu umechomoka. Zote mbili zikiendelea kupokea marejesho na kutoa akiba, mawasiliano yatakaporudi mwanachama mmoja atakuwa na masalio mawili, na kazi ya kuyapatanisha itawaangukia wahasibu, muamala kwa muamala.

Ndiyo maana klasta ya kanzidata, yaani seva zinazofanya kazi kama moja, hupiga kura. Upande wenye zaidi ya nusu ya kura unaendelea na kazi, upande mwingine unajizima. Ni kama mkutano mkuu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa: akidi isipotimia hakuna uamuzi, hata mwenyekiti awepo. Sasa piga hesabu. Kura zikiwa mbili, zaidi ya nusu ni zote mbili. Seva moja ikifa, iliyobaki haina akidi, nayo inasimama. Lazima ipatikane kura ya tatu, na swali la mnunuzi ni inakaa wapi na inagharimu nini.

Pamoja na kura kuna kitu cha pili ambacho bei za wauzaji hukipita kimya: rejista ya klasta, yaani kumbukumbu ya seva zipi ni wanachama, kila huduma inaendeshwa wapi na kwa masharti gani. Data za wateja zikiwa salama lakini rejista imepotea, klasta haiwaki mpaka mtu aijenge upya kwa mkono.

Oracle RAC, klasta ya kanzidata ya Oracle, imelipanga jambo hili kwa ukamilifu kuliko nyingine. Kura hukaa kwenye diski za kura, kwa kawaida tatu, au tano kwa anayetaka ulinzi zaidi, na seva isiyofikia zaidi ya nusu ya diski hizo hutolewa nje ya klasta. Rejista hunakiliwa yenyewe kila baada ya saa 4, na mfumo hutunza nakala tatu za karibuni, pamoja na za siku na za wiki. Amri ya ocrconfig -showbackup inakuonyesha zilipo. Tatizo ni bei. Kwenye orodha ya Oracle, toleo la Enterprise ni dola 47,500 kwa prosesa moja, na RAC inaongeza dola 23,000. Seva mbili zenye viini 8 kila moja zinahesabiwa kama prosesa 8, kwa sababu kiini cha Intel huhesabiwa nusu. Jumla ni dola 564,000, na msaada wa kila mwaka, asilimia 22, ni dola 124,080. Zamani toleo dogo la Standard liliruhusu RAC. Kuanzia toleo la 19c ruhusa hiyo iliondolewa. Punguzo hupatikana kwa mazungumzo, lakini hata likiwa nusu, sioni SACCOS ya Bukoba wala hospitali ya Muleba inayopaswa kubeba mzigo huu, labda iwe imefungwa na programu isiyokubali kanzidata nyingine.

SQL Server ya Microsoft iko katikati. Toleo la Standard la 2022 lilitoka na bei ya dola 3,945 kwa kila viini viwili. Kwa seva mbili za viini 8 ni dola 31,560. Ukiwa na mkataba wa Software Assurance, seva ya akiba isiyohudumia mtu hailipiwi, na unabaki na dola 15,780 pamoja na gharama ya mkataba wenyewe. Ongeza leseni za Windows Server. Kura ya tatu hapa ni rahisi sana. Inaweza kuwa diski ya pamoja, folda iliyoshirikishwa kwenye kompyuta nyingine, au, tangu Windows Server 2016, faili dogo kwenye wingu la Azure. Windows Server 2019 inakubali hata flashi iliyochomekwa kwenye ruta, mradi ruta iwe na uwezo wa kushirikisha mafaili. Lakini angalia tofauti hii kabla ya kufurahia bei: diski ya pamoja hubeba pia nakala ya rejista ya klasta, ilhali folda na faili la wingu hubeba kura peke yake. Anayechagua njia ya bei nafuu ahakikishe bakapu za seva zinajumuisha usanidi wa klasta.

Kwenye programu huria leseni ni bure, na gharama inahamia kwa mtu. Hapa kuna njia mbili ambazo mafundi wengi hukutana nazo, na kwa mazingira yetu hazilingani.

Ya kwanza ni MariaDB yenye Galera. Kura yake ya tatu inaweza kuwa programu ndogo iitwayo garbd, isiyohifadhi data yoyote, inayoweza kukaa kwenye kompyuta kuukuu. Inasikika vizuri mpaka ujue kwamba garbd hupokea mtiririko wote wa mabadiliko kama seva kamili. Ukiiweka Muleba kwa bando la simu, unalipia data ya kila muamala wa Bukoba. Tatizo la pili ni zito zaidi. Umeme ukikatika na seva zote zikazima pamoja, Galera inaweza isijiwashe yenyewe. Hapo fundi lazima atafute seva iliyokuwa mbele kuliko nyingine kisha aianzishe kwanza. Akikosea, miamala ya mwisho inapotea. Kwenye mji ambao umeme wake kwa miaka mingi umekuja kwa waya kutoka Uganda, na ambao radi za Ziwa Victoria zinaujua vizuri, hilo si jambo la kutokea mara moja kwa miaka kumi.

Ya pili ni PostgreSQL yenye Patroni, ambayo hutunza kura na rejista ndani ya etcd kwenye mashine tatu. Zote zikizima na kurudi, etcd ikipata mashine mbili kati ya tatu, kazi inaendelea bila fundi kuamshwa. Mashine ya tatu inaweza kuwa ndogo, ila isiwe ya kadi ya kumbukumbu: etcd huandika kwenye diski muda wote, hivyo inunulie SSD. Mipangilio yake ya awali, mapigo kila milisekunde 100 na uchaguzi baada ya milisekunde 1,000, ni ya mtandao wa jengo moja. Kwenye laini ya masafa fundi aongeze muda. Na tofauti na Oracle, hakuna anayenakili rejista kwa niaba yako. Amri ya etcdctl snapshot save lazima ipangwe ijiendeshe yenyewe, na faili litoke nje ya jengo.

Kuhusu jengo, Kagera ina somo lake. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua watu, likabomoa nyumba nyingi na kuharibu vibaya majengo ya shule za Ihungo na Nyakato. Kura tatu ndani ya chumba kimoja zinakulinda dhidi ya diski kufa, basi. Ukiweka seva mbili Bilele na kura moja Muleba, chumba cha Bilele kikianguka zimeanguka kura mbili, na Muleba haiwezi kuendelea. Mpangilio wa kweli ni seva moja Bukoba, moja Muleba, na kura ya tatu mahali pengine kabisa, inayofikiwa kwa njia nyingine ya mawasiliano. Muulize mtoa huduma kwa maandishi kama laini zako mbili zinapita kwenye mkongo uleule; zikipita humo, una laini moja uliyoilipia mara mbili.

Wingu kama kura ya tatu lina bei ndogo mno, na faili lile la Azure halina taarifa za wateja, hivyo halikuingizi kwenye masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi chini ya sheria ya mwaka 2022. Ila kumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Kura ikikosekana wakati seva mbili zinaonana, kazi inaendelea; hatari ni seva moja nayo izime siku hiyohiyo. Kwa taasisi nyingi hatari hiyo inavumilika.

Kabla ya yote, uliza dirisha linaweza kusubiri muda gani. Kama nusu saa haiui mtu wala biashara, huhitaji klasta. Seva moja nzuri, nakala hai ya kanzidata kwenye jengo la pili, UPS yenye betri nzima na fundi anayejua kuhamisha kazi kwa mkono vinatosha, na suala la akidi halipo kwa sababu anayeamua ni mtu. SACCOS nyingi ziko hapa. Hospitali yenye wodi na maabara zinazotegemea mfumo usiku kucha haiko hapa.

Hukumu yangu ni hii. Anayehitaji klasta na ana fundi wa Linux achukue PostgreSQL na Patroni, kura tatu kwenye majengo matatu. Mwenye mfumo wa Windows tayari abaki na SQL Server Standard na folda ya kura nje ya jengo. Galera iachwe kwa mwenye umeme usioyumba. Na mkononi mwa muuzaji usipokee bei ya dola: kanuni za mwaka 2025 zinakataza bidhaa na huduma za ndani kutajiwa bei kwa fedha za kigeni. Dai shilingi, dai VAT iwe ndani, na kabla ya malipo ya mwisho mwambie achomoe waya kati ya seva mbele yako.