Sababu ya waliopona corona kuambukizwa tena
WALIOUGUA Covid-19 mwaka 2020 wakapona, wengi walidhani wamekingika. Dhana hiyo iliporomoka Novemba 2021, aina ya Omicron ilipogunduliwa kusini mwa Afrika.

Kingamwili, zinazozuia virusi kuingia katika seli, hupungua baada ya miezi kadhaa. Isitoshe, hukitambua kirusi kwa umbo la miiba yake, na miiba ya Omicron ilikuwa na mabadiliko zaidi ya 30. Ni sawa na bawabu aliyepewa picha ya mwizi ambaye sasa amenyoa ndevu.

Hata hivyo, seli T, ambazo huangamiza seli zilizokwisha kuambukizwa, hazihadaiki kwa urahisi. Baadhi ya waliougua Sars mwaka 2003 walipatikana wangali nazo miaka 17 baadaye. Aghalabu hizo hazizuii maambukizi, bali huzuia ugonjwa usizidi. Kwa wazee kinga hiyo hufifia, ndiposa wao huhimizwa kuchanjwa upya.