Paa la bati Rungwe: Linalipa au linakula mtaji?

KATIKA Wilaya ya Rungwe anayejenga nyumba hana budi kuanza na hesabu ya mvua. Ukanda wa juu wa wilaya hiyo, kuanzia mji wa Tukuyu kupanda kuelekea Isongole na miteremko ya Mlima Rungwe, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Masika yanapofikia kilele chake mwezi Aprili, nguo hukaa kambani siku tatu bila kukauka, na paa lenye tundu dogo kama la msumari linatosha kuharibu gunia la mahindi kabla mwenye nyumba hajagundua.

Ndiyo maana swali la bati ni zito kwa mkulima wa chai, ndizi, viazi au parachichi. Wengi hulichukulia kuwa ni swali la hadhi: aliyeezeka bati amefika, aliyebaki na nyasi bado. Lakini fedha inayopanda juu ya paa ndiyo hiyo hiyo ambayo ingeweza kununua mtamba wa maziwa, miche ya parachichi au mbolea ya chai. Bati halizai ndama. Kwa hiyo ni haki kuuliza: linalipa nini, na kwa muda gani?

Zamani swali hilo halikuwepo. Nyumba za Wanyakyusa zilijengwa kwa mianzi na kuezekwa kwa nyasi, na vyote viwili vilipatikana jirani. Aidha, vijana walikuwa na desturi ya kuanzisha vijiji vyao kwa rika, hivyo nyumba haikutarajiwa kusimama miaka hamsini ikirithiwa na watoto na wajukuu. Paa likichoka, watu waliitana, nyasi zikakatwa, kazi ikaisha na wasaidizi wakala.

Leo mambo mawili yamebadilika. Nyumba nyingi hujengwa kwa matofali ya kuchoma, ambayo huishi miaka mingi kuliko paa lolote la nyasi. Na ardhi iliyokuwa ikiota nyasi za kuezekea imepandwa chai, migomba, parachichi na majani ya ng'ombe. Mtu anayetaka nyasi nzuri hulazimika kuzifuata mbali, kulipa wakataji na kulipa gari. Neno "nyasi ni bure" limebaki kwenye mazungumzo tu.

Hesabu ya nyumba ya mita 10 kwa 8

Chukua nyumba ya kawaida ya matofali, urefu mita 10 na upana mita 8, yenye paa la pande mbili. Ukiongeza sentimita 60 za kibaraza kila upande ili mvua isipige ukuta, paa linafunika eneo la mita 11.2 kwa 9.2. Kwa mwinuko wa nyuzi 25, ambao unafaa kwa mvua za Tukuyu, kila upande wa paa una mteremko wa mita 5.1 hivi, sawa na futi 17 kasoro kidogo.

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Bati moja, ukitoa sehemu inayolaliwa na jirani yake, hufunika upana wa sentimita 70 hivi, kwa hiyo zinahitajika safu 16 kila upande. Mteremko wa futi 17 hautoshelezwi na bati moja la futi 10; yanahitajika mawili. Anayekwenda dukani na kusema "nipe mabati 64 ya futi 10" atapata paa, lakini kila safu itakuwa na karibu futi tatu za bati lililolala juu ya bati au kukatwa na kutupwa. Akinunua 32 ya futi 10 na 32 ya futi 8, kila safu inapata futi 18, zinabaki za kutosha kwa mlalio wa sentimita 20 na kidogo cha kuning'inia kwenye gata. Ameokoa futi 64 za bati, yaani mabati sita na zaidi ya futi 10.

Tuseme, kwa kupigia hesabu tu, bati la futi 10 ni shilingi 30,000 na la futi 8 ni shilingi 24,000. Njia ya kwanza ni shilingi 1,920,000, ya pili ni shilingi 1,728,000. Tofauti ya shilingi 192,000 imepatikana kwa kupima mteremko kabla ya kwenda mjini. Bei za dukani zitakuwa nyingine, lakini uwiano utabaki karibu na huo. Anayetaka paa la pande nne ajue kwamba kona zake hukata mabati mshazari, na vipande vingi havina kazi tena.

Baada ya mabati kuna kofia za kileleni, misumari, mbao za kenchi na papi, dawa ya mbao, fisha bodi na fundi. Haya yakijumlishwa huweza kufika karibu na bei ya mabati yenyewe, na ndiyo yanayoacha nyumba nyingi zikisimama na kuta bila kichwa. Tuseme basi kazi nzima imekula shilingi 3,000,000.

Kama paa hilo litaishi miaka 20, mwenye nyumba analipa shilingi 150,000 kwa mwaka. Kama nyasi zingegharimu shilingi 400,000 kila baada ya miaka minne, hiyo ni shilingi 100,000 kwa mwaka. Kwa karatasi nyasi zimeshinda! Ni vizuri mkulima alione hili mapema, kwa sababu wauza mabati hawatamwambia.

Kinachogeuza hesabu ni vitu vilivyo chini ya paa. Gunia mbili za maharage zilizoota ukungu, mbolea iliyoyeyuka, daftari na sare za shule, siku za kazi zinazopotea kila paa linapozibwa, na hatari ya moto kwa nyumba ya nyasi iliyovutiwa umeme: vikiwekwa kwenye mizani, ile tofauti ya shilingi 50,000 kwa mwaka humezwa haraka. Kwa mwenye duka ambaye mtaji wake ni sukari, saruji na unga, hakuna hata haja ya kubishana. Tone moja la usiku kwenye mfuko wa saruji limeshafanya kazi yake asubuhi.

Geji na mizani ya viazi

Lakini hesabu yote hiyo imesimama juu ya neno moja: miaka 20. Bati likiliwa na kutu baada ya miaka minane, na kazi nzima ilikula shilingi 2,500,000 kwa sababu lilikuwa la bei rahisi, mwenye nyumba amelipa zaidi ya shilingi 312,000 kwa mwaka. Ni mara tatu ya nyasi. Bati jembamba ndilo paa la ghali kuliko yote.

Unene wa bati hutajwa kwa geji, na namba hiyo huwachanganya wengi kwa kuwa inakwenda kinyume: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 30 ni nene kuliko geji 32. Katika soko la Afrika Mashariki geji 28 hukaribia milimita 0.4 na geji 30 milimita 0.3. Jicho haliwezi kuona tofauti ya sehemu ya kumi ya milimita, na mhuri wa rangi juu ya bati ni rahisi kuugonga. Mizani haidanganyiki hivyo.

Chuma kina uzito unaojulikana, tani 7.85 kwa mita ya ujazo. Bati la mita 3 lililotokana na karatasi ya upana wa sentimita 91 likiwa na unene wa milimita 0.4 lina kilo 8.6 hivi, la milimita 0.3 lina kilo 6.5, la milimita 0.25 lina kilo 5.4, na la milimita 0.2 halifiki kilo 4.5. Rungwe ni nchi ya viazi, na mizani ya kupimia magunia haikosekani sokoni. Funga mabati kumi pamoja, yatundike. Yakiwa na kilo 65 umeuziwa ulichoambiwa. Yakiwa na kilo 50, mwenye duka ana maelezo ya kutoa kabla hujafungua pochi. Angalia pia alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na jina la kiwanda. Bati lisilo na jina halina wa kulalamikiwa.

Jambo la pili ni ngozi ya bati. Chuma kitupu hakimalizi hata masika moja bila kutu, kwa hiyo huchovywa katika zinki, au katika mchanganyiko wa alumini na zinki ambao alumini yake ni asilimia 55. Mchanganyiko huo, unaofahamika kama aluzinki, kwa kawaida huishi muda mrefu kuliko zinki peke yake kwa unene ule ule. Rangi ya juu huongeza kinga na uzuri, lakini rangi nyekundu juu ya chuma chembamba ni sawa na koti jipya kwa mgonjwa.

Kununua kumi kumi

Wakulima wengi hawana milioni kwa mkupuo. Fedha za majani mabichi ya chai huingia kwa mwezi, za maziwa kidogo kidogo, za parachichi kwa msimu. Hivyo mabati hununuliwa kumi leo, kumi mwezi ujao, yakipangwa chumbani hadi yatimie. Utaratibu huu ni mzuri kuliko mkopo, ila kwa hali ya hewa ya Tukuyu una adui wake.

Mabati yaliyolaliana yakiingiwa na unyevu, maji hunaswa katikati na zinki huanza kuliwa ikitoa unga mweupe. Kutu hiyo nyeupe huweza kuharibu ndani ya wiki chache ngozi iliyotengenezwa kuishi miaka. Dawa yake haina gharama: yasilazwe juu ya sakafu ya udongo, yasimamishwe yakiegemea ukuta mkavu, na kati yake viwekwe vijiti ili hewa ipite. Yasikae jirani na mifuko ya mbolea wala saruji. Yaliyolowana njiani yafutwe na kuanikwa siku hiyo hiyo.

Mkopo ni habari nyingine. Shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, ikihesabiwa juu ya mkopo wote kwa mwaka mmoja, ni riba ya shilingi 600,000. Kwa bei yetu ya mfano hayo ni mabati 20, karibu theluthi moja ya paa lote, yamebaki kwa mkopeshaji. Duka lililoezekwa linaweza kurejesha mkopo wa namna hiyo kwa sababu linauza kila siku. Nyumba ya kulala haileti marejesho ya Jumatatu. Kwa mwenye nyumba ya nyasi ambayo bado haivuji, mtamba wa maziwa utangulie na bati lifuate. Kwa mwenye kuta za matofali zinazolowana, paa lisisubiri, maana ukuta ukilegea hasara ni ya nyumba nzima.

Wakati wa kuezeka ni kati ya Agosti na Oktoba, mvua zinapopungua. Mbao za msonobari au mkaratusi zilizokatwa juzi zitajipinda zikikauka na kung'oa misumari, hivyo zinunuliwe mapema. Kwa bati la migongo, msumari upigwe juu ya mgongo, siyo bondeni maji yanakopita, na uwe na raba yake. Mafundi wenye haraka hupiga bondeni kwa sababu nyundo inaingia kirahisi.

Mkulima asitarajie starehe yote. Mvua kubwa juu ya bati huzima mazungumzo na redio, na usiku wa Juni na Julai bati hupoa hadi hewa ya ndani inageuka matone. Anayehama kutoka nyasi kwenda bati huona baridi hiyo mwaka wa kwanza. Kule Kyela, karibu na ziwa, kero ni joto la mchana. Dari, hata la mianzi iliyosukwa, hupunguza yote mawili. Kuhusu radi, bati halivuti radi kama wengi wanavyoamini. Nyumba iliyo kileleni ina hatari yake iwe ya nyasi au ya bati, na waya wa kupeleka radi ardhini ndio kinga.

Banda la ng'ombe lipewe fikra ya peke yake. Hewa kali ya mkojo na samadi hula zinki, kwa hiyo paa la banda liwe juu na upepo upite, la sivyo mabati mazuri yawekwe nyumbani na banda liezekwe kwa kingine.

Faida ambayo nyasi haziwezi kuitoa kabisa ni maji safi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mfano wetu linakinga mita za mraba 103, hivyo mvua ya milimita 10, ambayo kwa Tukuyu ni ya kawaida tu, inashusha lita 1,000. Hata zikipotea mia mbili, 800 zinaingia tangini. Zile za kwanza zimwagwe kwa kuwa zinaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi dogo halitavusha kaya hadi mwisho wa kiangazi, maana familia inayotumia lita 100 kwa siku inamaliza lita 1,000 kwa siku kumi. Lakini kwa miezi mingi ya mwaka wilayani humo, mama na watoto hawateremki tena bondeni na ndoo, na ng'ombe wa maziwa anapata maji ya kutosha bila kubebewa kichwani. Bei ya gata na tangi iingizwe kwenye hesabu tangu siku ya kwanza, kabla fisha bodi haijapigiliwa, kwa sababu gata inayowekwa baadaye mara nyingi hukuta mteremko umeshakosewa.