Sindano ya Kisukari ya Kila Wiki Yataka Nidhamu

Miongoni mwa maofisa na askari wetu, wa jeshi na wa polisi, wamo walio na ugonjwa wa kisukari, na baadhi yao hawapendi jambo hilo lijulikane. Wadhani ya kwamba mtu akijulikana kuwa ni mgonjwa atapokonywa kazi, au atachekwa katika mesi. Kwa hiyo humeza vidonge vyao kwa siri. Sasa imekuja dawa nyingine, ambayo mgonjwa hujidunga mwenyewe nyumbani mara moja tu kwa wiki, kwa chombo kilichofanana na kalamu ya kuandikia. Ni dawa ya bei kubwa, wala si kila zahanati inayo. Lakini wako waipatao, na mtu aitumiaye kwa siri bila mafunzo hujitia katika hatari. Twataka leo kueleza jinsi ya kuitumia kwa usalama.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba matibabu ya kisukari yana deni kwa watu walioishi karibu na majeshi. Frederick Banting, ambaye pamoja na Charles Best aligundua insulini huko Toronto, Kanada, mwaka 1921, alikuwa daktari wa jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza. Alijeruhiwa karibu na Cambrai, Ufaransa, mwaka 1918, akatunukiwa nishani ya ushujaa. Miaka 70 hivi baadaye, Daktari John Eng, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya askari waliostaafu huko Bronx, New York, alipata katika sumu ya mjusi wa jangwani aitwaye Gila kitu kilichofanana na homoni ya utumbo wa binadamu. Utafiti wake ulitolewa mwaka 1992, nayo dawa iliyotokana nao ikaidhinishwa Marekani mwaka 2005. Njia ikafunguka. Dulaglutaidi, iuzwayo kwa jina la Trulicity, iliidhinishwa Marekani mwaka 2014. Na semaglutaidi, iuzwayo kwa jina la Ozempic, ikafuata mwaka 2017. Hizi mbili ndizo tuzizungumziazo, na hasa semaglutaidi.

Kazi yake ni hii. Tulapo, utumbo hutoa homoni inayoliamuru kongosho litoe insulini ili sukari ya damu ishuke. Homoni hiyo ya asili hudumu dakika chache tu, kisha huvunjika. Dawa hii huiga kazi ile ile, lakini yenyewe haivunjiki upesi. Hulisukuma kongosho pale sukari inapopanda, huchelewesha chakula tumboni, na hupunguza hamu ya kula. Ni dawa ya kisukari cha aina ya pili. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye mwili wake hautengenezi insulini, asiiache insulini yake akatumia hii mahali pake. Akifanya hivyo aweza kufa.

Sasa tufikie jambo lenyewe. Watu wengi hudhani kwamba sindano ya mara moja kwa wiki ni jambo jepesi kuliko vidonge vya kila siku. Ni jepesi kwa mkono, lakini si jepesi kwa akili. Kidonge cha leo kikikosewa, athari yake huisha upesi. Semaglutaidi, baada ya wiki moja, nusu yake bado imo mwilini, nayo huchukua wiki tano hivi hata iishe. Aliyejidunga kipimo kikubwa mno hana namna ya kukitoa. Ni kama risasi: ikishatoka katika mtutu hairudi. Kwa sababu hiyo uangalifu wote hauna budi kuwa kabla ya kudunga.

Jambo la kwanza ni siku. Mgonjwa achague siku moja ya wiki, na kila adungapo aandike tarehe, kipimo na mahali alipodunga, kama vile mlinzi wa ghala aandikavyo kila risasi itokayo. Kumbukumbu ya kichwa haitoshi, hasa kwa mtu wa zamu za usiku na doria ndefu. Tuchukue mfano wa askari ambaye siku yake ni Jumapili. Jumapili ile yuko msituni na dawa imebaki nyumbani. Akirejea Alhamisi, zimepita siku 4. Adunge mara moja, kisha aendelee na Jumapili yake kama kawaida. Akirejea Jumamosi, zimepita siku 6. Aiache ile iliyopita, adunge kesho yake tu. Kanuni ya semaglutaidi ni kwamba iliyosahaulika hudungwa ikiwa hazijapita siku 5. Kanuni ya dulaglutaidi ni nyingine: hudungwa ikiwa zimebaki angalau siku 3 kabla ya siku ya sindano ifuatayo. Kwa zote mbili, ni marufuku kudunga mara mbili pamoja ili kufidia.

La pili ni kipimo. Mwenye kuanza semaglutaidi hupewa miligramu 0.25 kwa wiki, muda wa wiki 4, ili tumbo lizoee. Ndipo apandishwe hadi 0.5, na baadaye daktari akiona haja humpandisha tena. Anayejipandisha mwenyewe kwa pupa ya kupona haraka hatapona haraka; atatapika mpaka alazwe.

La tatu ni utunzaji. Kalamu ambayo haijafunguliwa hukaa katika jokofu, kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za sentigredi, mbali na sehemu ya kugandisha. Ikiwahi kuganda, hata ikayeyuka ikaonekana nzima, itupwe. Kalamu ya semaglutaidi iliyokwisha kuanza kutumika yaweza kukaa nje ya jokofu, mahali pasipozidi nyuzi 30. Muda wake ni wiki 6 kwa maagizo ya Ulaya na siku 56 kwa maagizo ya Marekani. Mgonjwa afuate karatasi iliyomo katika paketi yake, na aandike juu ya kalamu tarehe aliyoifungua. Mwenzetu aliyeko Kabale, penye baridi, hana shida kubwa. Bali aliyeko Moroto wakati wa kiangazi, au Somalia, ambako majeshi ya Uganda yalikwenda mwaka 2007, hana budi kufikiri kabla ya kusafiri. Kalamu isiachwe katika gari lililosimama juani, wala katika mfuko wa shanta juu ya bati la hema. Mtungi wa udongo uliolowanishwa maji hupunguza joto, na wagonjwa wengi katika nchi za joto hutunza insulini namna hiyo. Lakini haufikii baridi ya jokofu. Wafaa kwa kalamu inayotumika, ikiwa imefungwa isilowane, wala haufai kwa akiba ya miezi.

La nne ni kudunga kwenyewe. Osha mikono kwa sabuni. Soma jina na kipimo kilichoandikwa kwenye kalamu, hasa ikiwa nyumbani mna kalamu ya insulini pia, maana gizani zafanana. Itazame dawa: iwe safi kama maji, isiyo na rangi. Funga sindano mpya. Kalamu ikiwa ni mpya, jaribu kwanza mtiririko kama karatasi ielezavyo, mpaka tone lionekane kwenye ncha. Zungusha sehemu ya nyuma mpaka kipimo chako kionekane katika kidirisha. Dunga chini ya ngozi ya tumbo, ya paja au ya juu ya mkono; si katika msuli wala katika mshipa. Bonyeza mpaka kidirisha kionyeshe sifuri, kisha uhesabu polepole hadi 6 kabla ya kuitoa. Anayechomoa haraka huiacha sehemu ya dawa juu ya ngozi. Wiki ifuatayo badilisha mahali. Kalamu za dulaglutaidi hutumika mara moja tu na hufanya kazi kwa namna yake. Maelezo haya yasichanganywe.

La tano, ambalo twalisisitiza kuliko yote, ni kwamba kalamu ni ya mtu mmoja. Katika kambi tumefundishwa kugawana maji, sigara na blanketi, na huo ni udugu mwema. Lakini kalamu ya sindano haigawanywi, hata na mke, hata na ndugu wa tumbo moja, hata ikiwa sindano imebadilishwa. Damu kidogo isiyoonekana yaweza kurudi ndani ya kalamu, pamoja na virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini. Tena wako watakaoiomba si kwa ugonjwa, bali kwa sababu wamesikia ya kwamba hupunguza tumbo, na jaribio la mbio limekaribia. Ndugu askari, mnyime mwenzako jambo hilo kwa sababu wampenda. Atakimbia akiwa hajala, akitapika, maji yamemwishia mwilini, na figo zake zaweza kudhurika.

Sindano iliyotumika isikae kwenye kalamu. Laza kifuniko kikubwa mezani, ingiza ncha humo kwa mkono mmoja, ifungue, uitie katika chombo kigumu cha plastiki chenye mfuniko. Isitupwe jalalani, ambako watoto wa kambini huchezea, wala chooni. Chombo kikijaa kipelekwe zahanati.

Maudhi ya kawaida ni kichefuchefu, kutapika, kuhara au kufunga choo, hasa mwanzoni na kila kipimo kinapopandishwa. Kula kidogo kidogo na kunywa maji husaidia. Lakini maumivu makali ya tumbo yasiyokoma, hasa yakifika mgongoni, yaweza kuwa ni kongosho lililovimba. Usidunge tena, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Macho yakipungua nuru, mwambie daktari. Ukitakiwa kupasuliwa, mwambie mtoa usingizi kwamba watumia dawa hii, kwa kuwa chakula hukaa tumboni muda mrefu. Mwanamke anayetaka kupata mimba huacha semaglutaidi miezi 2 kabla. Na mtu ambaye yeye au jamaa yake amepata saratani ya tezi ya shingo amweleze daktari kabla ya kuanza, maana aina mojawapo ya saratani hiyo humkataza kabisa dawa hii.

Peke yake, dawa hii ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Lakini ikitumiwa pamoja na insulini, au vidonge kama glibenklamaidi, hatari hiyo yaongezeka. Dalili zake ni jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio na akili kuvurugika. Hebu tufikiri: mtu wa namna hiyo yuko lindoni usiku, bunduki mkononi, na mwenzake hajui kitu. Hapo siri ya ugonjwa imekuwa hatari ya kikosi kizima. Apewe mara moja vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika maji, au nusu bilauri ya soda yenye sukari, na atazamwe tena baada ya dakika 15. Akiwa amezimia, asitiwe kitu kinywani, apelekwe hospitali.

Mwisho ni udanganyifu. Dawa inayotakwa na wengi haikosi wezi. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya Ozempic bandia zilizopatikana Brazili, Uingereza na Marekani. Huko Austria mwaka 2023 watu walilazwa hospitalini sukari ikiwa imeshuka mno, na ikashukiwa kwamba kalamu za bandia zilikuwa na insulini. Kalamu isinunuliwe sokoni, wala kwa mtu aletaye mkobani. Inunuliwe katika duka la dawa lenye leseni, kwa cheti cha daktari.

Kwa makamanda twasema hivi: askari anayekuja kusema kwamba ana kisukari amefanya wajibu wake, wala asifanywe mzaha. Apangiwe zamu inayomwezesha kula na kutunza dawa yake, na daktari wa kikosi ajulishwe. Na wewe uliye na kalamu jokofuni, mwonyeshe mkeo au mumeo ilipo, mweleze siku yako, na umwambie mwenzako wa lindo dalili za kutazama. Ukifanya hivyo hutabaki peke yako na ugonjwa wako.