Kabla Hujamkata Panga Mwenye Nyumba

“Wakili, mwenye nyumba ana ufunguo wa akiba, anaingia chumbani nikiwa kazini. Siku nikimkuta ndani nikamkata panga, si nitakuwa nimejilinda?” Naulizwa hivi na wapangaji wa kila aina, na muulizaji huwa ameshajijibu: aliyeingia bila hodi ni mwizi, na mwizi hana haki.

Hapana. Utafungwa.

Kifungu cha 18B cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamruhusu anayejilinda au anayelinda mali yake kutumia nguvu ya kiasi inayohitajika kwa ulinzi huo, basi. Ukizidisha, unawajibika kwa kosa lolote litakalotokea. Mtu akifa kwa nguvu iliyozidi, umeua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Mahakamani hutaulizwa tu kama alipiga hodi. Utaulizwa alishika nini, alikushambulia vipi, jeraha liko kifuani au kisogoni. Mzee aliyeinama kusoma mita ya luku akakatwa kwa nyuma hakukutishia maisha. Ulikasirika, tena kwa haki kabisa, lakini hasira si hofu ya kufa.

Kuna jambo baya zaidi ambalo wauliza swali hawalifikirii. Panga uliloliegesha nyuma ya mlango kumsubiri mtu unayemjua kwa jina, na maneno uliyowaambia majirani kwamba siku moja “utamuonyesha”, ni ushahidi wa upande wa mashtaka. Hapo kesi inaweza kuwa ya mauaji ya kukusudia. Bastola haibadilishi kitu: leseni chini ya sheria ya silaha ya 2015 inakuruhusu kuimiliki, haikupi haki pana zaidi ya kujilinda.

Wengine wananitajia Marekani, kwa sababu ya sinema. Basi tuitazame Florida, ambayo sheria yake ya 2005 inamdhania mwenye makazi kuwa na hofu ya haki dhidi ya anayevunja na kuingia kwa nguvu. Sheria hiyo hiyo inaiondoa dhana hiyo pale aliyeingia anapokuwa na haki ya kuwemo au ni mkazi halali, na mmiliki ametajwa kwa mfano. Hata huko, panga la mpangaji lina kazi ngumu.

Haya yote hayamhalalishii mwenye nyumba kuingia ovyo. Kauli ya “nyumba ni yangu, naingia nitakavyo” ni upuuzi. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maskani ya kila mtu, mpangaji akiwemo. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi kinamtaka mwenye nyumba akuache ukae kwa utulivu maadamu unalipa kodi na kutimiza masharti. Na kosa la kuingia kwa jinai, kifungu cha 299, linatazama mali iko mikononi mwa nani, wala si hati ina jina la nani. Mmiliki anayeingia kwako kwa nia ya kukutisha, kukutukana au kukuudhi anaweza kushtakiwa kwa kuingia katika nyumba yake mwenyewe.

Sasa fanya hivi. Mkataba uandike taarifa ya saa ngapi kabla ya ukaguzi au fundi. Ameingia bila taarifa? Mwandikie ujumbe wa simu siku hiyo hiyo, uutunze. Badilisha kitasa kama mkataba haukatazi; ukikataza, mwombe kwa maandishi. Akirudia, nenda serikali ya mtaa, kisha Baraza la Kata kwa usuluhishi. Siku 30 zikipita bila suluhu, fungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Vitu vimepotea au umetishwa, nenda polisi uchukue RB. Ukimkuta ndani, toka, ita majirani, piga 112. Akikushambulia kweli, jilinde hadi shambulio likome, na hapo uache. Risiti za kodi usizitupe: utetezi wake wa kwanza barazani utakuwa kwamba hulipi.