Kuzima Neva za Goti kwa Mawimbi ya Redio: Tiba ya Maumivu, Si Tiba ya Kiungo

Osteoathritisi ya goti ni ugonjwa sugu ambao gegedu, yaani tabaka laini na telezi linalofunika ncha za mifupa, hulika polepole, mfupa ulio chini yake hukakamaa na kuota vinundu pembeni, na utando wa ndani wa kiungo huvimba mara kwa mara. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 ulimwenguni walikuwa wakiishi na osteoathritisi, na goti ndilo lililoongoza kwa kuwa na wagonjwa milioni 365. Wagonjwa wengi huanza na mazoezi na dawa za kupaka, wakaendelea na vidonge vya kutuliza maumivu, kisha sindano ya steroidi ndani ya goti, na mwisho wa safari hiyo ni upasuaji wa kuweka goti bandia. Kati ya sindano na upasuaji pana mwanya mpana, na humo ndimo ilimoingia tiba ya kuzima neva za goti kwa mawimbi ya redio. Tiba hiyo huzuia taarifa ya maumivu isifike kwenye ubongo, lakini haigusi ugonjwa wenyewe. Kwa sababu hiyo thamani yake hutegemea ni mgonjwa yupi aliyechaguliwa kuipata, na muda wa nafuu aliopewa anautumiaje.

Gegedu lenyewe halina neva, kwa hiyo kulika kwake peke yake hakuumi. Maumivu huanzia kwenye sehemu zinazolizunguka, ambazo ni mfupa ulio chini ya gegedu, utando wa ndani ya kiungo na mfuko mgumu unaolifunika goti zima. Sehemu hizo zina ncha nyingi za neva ambazo, zikichokozwa kwa miezi na miaka, huwa nyepesi kuamka, hata mwendo wa kawaida kama kupanda ngazi au kuinuka kutoka kwenye mkeka ukahisiwa kuwa ni madhara. Uti wa mgongo na ubongo nao huweza kuzoea kupokea taarifa hizo na kuzikuza. Ndiyo maana picha ya eksirei na maumivu ya mgonjwa haviendi sambamba siku zote: mtu mwenye goti lililoharibika sana katika picha huweza kutembea bila taabu kubwa, ilhali mwingine mwenye mabadiliko madogo hukosa usingizi.

Taarifa za maumivu kutoka kwenye mfuko wa goti husafirishwa na matawi membamba ya neva yaitwayo neva za jenikula, ambayo hupita karibu sana na mfupa yakiandamana na mishipa midogo ya damu. Wataalamu hulenga hasa matawi matatu: mawili yaliyo juu ya goti, upande wa ndani na upande wa nje, pale ambapo mfupa wa paja huanza kutanuka, na moja lililo chini ya goti upande wa ndani, kwenye mfupa wa muundi. Tawi la chini upande wa nje huachwa kwa kawaida, kwa sababu jirani yake hupita neva kubwa inayoinua wayo, na kuiunguza kwa bahati mbaya kungemfanya mgonjwa aburute mguu. Kwa kuwa kazi kuu ya matawi yanayolengwa ni kupeleka hisi kutoka kwenye kiungo, kuyazima hakulegezi misuli inayokunja na kunyoosha goti.

Kinachofanya kazi hiyo ni joto. Mashine hutoa umeme wa kubadilika mwelekeo kwa kasi kubwa, takriban mara 500,000 kwa sekunde, na kasi hiyo ndiyo iliyoipa tiba jina la mawimbi ya redio. Umeme huo hupita katika sindano iliyofunikwa kwa kihami isipokuwa kwenye ncha yake. Chembe zenye chaji zilizomo katika majimaji ya mwili hutikisika huku na huko kuufuata, na msuguano wake hupasha joto nyama iliyoizunguka ncha. Joto likizidi nyuzi 45 za Selsiasi kwa muda, seli huanza kufa, na madaktari huliinua hadi nyuzi 70 au 80 kwa sekunde 90 hivi ili sehemu fupi ya neva isiweze tena kupitisha taarifa. Eneo linaloungua ni dogo, la milimita chache tu, na njia za neva hizi hutofautiana kati ya mtu na mtu, hivyo sindano huweza kuikosa neva. Ili kukabiliana na tatizo hilo ilibuniwa sindano inayopozwa kwa maji yanayozunguka ndani yake: ncha haikaushi nyama iliyo karibu nayo, joto husambaa mbali zaidi, na eneo linalotibiwa huwa kubwa. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha mfumo wa aina hiyo kwa maumivu ya osteoathritisi ya goti.

Kabla ya kuunguza neva yoyote hufanyika jaribio, ambalo ndilo ungo wa tiba nzima. Daktari, akiongozwa na eksirei ya moja kwa moja au ultrasaundi, huchoma kiasi kidogo cha dawa ya ganzi kwenye kila moja ya sehemu tatu, kisha mgonjwa huombwa afanye yale yanayomuumiza, kama vile kutembea, kuchuchumaa na kupanda ngazi, huku akipima maumivu yake katika saa zinazofuata. Maumivu yakipungua kwa nusu au zaidi, huwa ni ishara kwamba neva hizo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya taarifa; yasipopungua, kuziunguza hakutarajiwi kuleta faida. Anayefaulu hupangiwa siku nyingine, ambapo ngozi hutiwa ganzi, sindano husogezwa hadi kwenye mfupa, na umeme hafifu hupitishwa kwanza kuhakikisha kwamba hakuna msuli wa mguu unaoruka. Mgonjwa huwa macho au amepewa dawa kidogo ya kumtuliza, na kwa kawaida hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Goti huweza kuuma kwa siku kadhaa kabla ya nafuu kujitokeza.

Ushahidi wa kisayansi una uzito, ingawa una mipaka yake. Mwaka 2011 watafiti wa Korea Kusini walichapisha jaribio la wagonjwa 38 waliogawanywa kwa nasibu, baadhi wakapata joto la kweli na wengine tiba ya kuigiza ambayo sindano huingizwa bila kupashwa joto. Waliopata joto la kweli walikuwa na nafuu kubwa zaidi hata baada ya wiki 12. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani lenye wagonjwa 151, lililolinganisha sindano inayopozwa na sindano ya steroidi: baada ya miezi sita, takriban asilimia 74 ya kundi la kwanza walikuwa wamepunguziwa maumivu kwa nusu au zaidi, dhidi ya asilimia 16 ya kundi la pili. Hata hivyo jaribio hilo la pili liligharamiwa na mtengenezaji wa kifaa, na wagonjwa walijua wamepewa tiba ipi, jambo ambalo huweza kukuza matumaini na kupunguza maumivu yanayoripotiwa. Chuo cha Madaktari wa Baridi Yabisi cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, kiliipendekeza tiba hii kwa masharti, huku kikiyapendekeza kwa nguvu zaidi mazoezi na kupunguza uzito.

Mpangilio huo wa mapendekezo una mantiki. Neva iliyounguzwa huota tena polepole, na nafuu kwa kawaida hudumu kati ya miezi sita na mwaka, kisha tiba huweza kurudiwa. Wakati huo wote gegedu halirudi, na mguu uliopinda haunyooki. Kinachopatikana ni kipindi ambacho misuli ya mbele ya paja, iliyodhoofika kwa sababu mgonjwa aliogopa kuitumia, inaweza kuimarishwa bila kila hatua kuwa adhabu. Uchunguzi wa watu wazima wenye uzito mkubwa na ugonjwa huu umeonyesha kwamba kila kilo moja ya mwili inayopungua hupunguza mzigo wa goti kwa takriban kilo nne katika kila hatua. Mgonjwa anayekitumia kipindi cha nafuu kufanya mazoezi na kupunguza uzito huweza kubaki na faida hata neva zikiamka. Anayekitumia kukaa tu hurejea alipoanzia.

Madhara si mengi, lakini yapo: michubuko na damu kuvilia, ganzi katika eneo dogo la ngozi, kuungua kwa ngozi hasa kwa watu wembamba, na mara chache maambukizi. Wenye maambukizi karibu na goti hawafai mpaka wapone, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda huhitaji mpango maalumu, na wenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo lazima wamwarifu daktari mapema, kwa sababu umeme wa mashine huweza kukivuruga.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, suala hili linagusa tabia iliyoenea ya kununua diklofenaki au ibuprofeni katika duka la dawa na kuzimeza kwa miezi bila usimamizi. Dawa hizo husaidia, lakini zikitumiwa muda mrefu huweza kuchimba vidonda tumboni, kupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo, na mzee mwenye maumivu ya goti mara nyingi ndiye huyo huyo mwenye presha au kisukari. Mgonjwa wa namna hiyo, ambaye vidonge vinamdhuru na ambaye upasuaji ni hatari kwake au hajawa tayari kuukabili, ndiye anayestahili kwanza kufikiriwa kwa tiba hii. Kabla ya kukubali na kulipia, ana haki ya kuuliza kama atafanyiwa jaribio la ganzi, ni neva zipi zitakazolengwa, aliyeshika sindano ana uzoefu gani, na ni mpango gani wa mazoezi utakaoanza maumivu yakishapungua. Kituo kisicho na jibu la swali hilo la mwisho kinampa nusu tu ya tiba.