Chuo cha Migodi na Wakimbiaji wa Afrika ya Mashariki: Historia na Riadha ya Chuo Kikuu cha El Paso

1. Utangulizi

Msomaji wa Luofu, Butembo au Beni huenda akajiuliza chuo kikuu kilichoko Texas, nchini Marekani, kinatuhusu nini. Kinatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, ni chuo cha serikali kilichozaliwa mpakani, zaidi ya kilomita 800 kutoka mji mkuu wa jimbo lake. Pili, sehemu kubwa ya sifa yake ililetwa na vijana wa Kenya na Tanzania. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi sifa hiyo ilivyopatikana, na deni ambalo chuo huwa nalo kwa wale wanaokiletea sifa.

2. Asili ya chuo

Mji wa El Paso unatazamana na Ciudad Juárez ya Meksiko, ng'ambo ya mto Rio Grande. Mwaka 1914 ilifunguliwa huko shule ya uchimbaji madini, yenye wanafunzi 27. Mwaka 1916 moto uliteketeza jengo lake kuu, nayo ikahamia mahali pengine. Majengo mapya yalifuata mtindo wa Bhutan, nchi ya milima ya Himalaya. Mwaka 1949 shule iliitwa Texas Western College, na mwaka 1967 ikapewa jina la Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso.

Zama hizo, Wamarekani weusi wa kusini walikatazwa kusoma pamoja na weupe. Chuo hiki kilianza kupokea wanafunzi weusi mwaka 1955, kikiwa miongoni mwa vyuo vya kwanza vya serikali ya Texas kufanya hivyo.

3. Sifa na manung'uniko

Tarehe 19 Machi 1966, timu ya chuo ya mpira wa kikapu, iliyofundishwa na Don Haskins, iliishinda Kentucky kwa pointi 72 kwa 65 na kutwaa ubingwa wa vyuo vikuu. Wachezaji watano walioanza mchezo walikuwa weusi wote, na wapinzani wao weupe. Jambo hilo halikuwahi kuonekana katika fainali hiyo.

Hata hivyo, kushangiliwa si kuheshimiwa. Mwaka 1968 wanariadha weusi kadhaa walikataa kushindana na Chuo Kikuu cha Brigham Young, kwa kuwa kanisa lenye chuo hicho liliwanyima watu weusi ukuhani. Walifukuzwa katika timu. Mmoja wao alikuwa Bob Beamon, ambaye miezi michache baadaye aliruka mita 8.90 katika Olimpiki ya Meksiko na kuvunja rekodi ya dunia ya mruko mrefu.

4. Wakimbiaji kutoka kwetu

Katika miaka ya 1970 mwalimu Ted Banks aliwapokea wakimbiaji wa Kenya, wakiwemo Wilson Waigwa na James Munyala, kisha Watanzania Suleiman Nyambui na Gidamis Shahanga. Kati ya 1969 na 1981 chuo kilitwaa ubingwa wa mbio za nyika mara saba. Katika mbio hizo hujumlishwa nafasi za wakimbiaji watano wa kwanza wa kila timu, na timu yenye jumla ndogo ndiyo mshindi. Jumla ndogo kabisa inayowezekana ni 15. Mwaka 1981 El Paso ilipata 17.

Nyambui alishinda mita 10,000 za vyuo vikuu miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Katika Olimpiki ya Moscow, mwaka 1980, alipata medali ya fedha ya mita 5,000, naye Filbert Bayi akapata ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Hadi Olimpiki ya Paris ya 2024, Tanzania haikuwa imepata medali nyingine. Shahanga alishinda mita 10,000 za Jumuiya ya Madola mjini Brisbane mwaka 1982.

5. Hitimisho

Nyanda za juu za Lubero hupita mita 2,000 mahali pengi, na watoto wetu hupanda vilima kwa miguu kwenda shule. Lakini mlima peke yake haumfanyi mtu bingwa. Nyambui alihitaji kiwanja, mwalimu, mashindano ya mara kwa mara, na ufadhili wa masomo uliomfanya awe mwanafunzi kamili.

Vyuo vyetu vya umma ni vichanga: kile cha Goma kilianza mwaka 1993 kama tawi la Kisangani. Iwapo siku moja vitaunda timu, tunashauri mambo mawili. Mkimbiaji aandikishwe darasani kabla ya kuandikishwa kiwanjani. Na akitoa neno lisilopendeza, kama Beamon na wenzake, asinyang'anywe masomo yake.